Mtu kwenye mvua: uchambuzi wa kisa cha F

Mwanamume mmoja anapewa karatasi na penseli, anaambiwa achore mtu aliye kwenye mvua. Akimaliza anaonyeshwa madoa ya wino, aseme anaona nini ndani yake. Kisha zinaletwa picha za nyuso za watu asiowajua, achague zinazompendeza na zinazomchukiza. Katika mazoezi haya matatu hakuna swali hata moja linalogusa amewahi kumpenda nani. Hata hivyo, kutokana na mchoro, madoa na nyuso hizo, mtaalamu anatarajiwa kutoa kauli kuhusu jambo hilohilo: je, mtu huyu kweli ni shoga kama anavyodai?

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa F. Hati za mahakama zimempa herufi hiyo moja tu, nami nitabaki nayo. Ni raia wa Nigeria aliyewasilisha ombi la hifadhi nchini Hungaria mwezi Aprili 2015. Alisema anaogopa kurudi kwao kwa sababu anavutiwa na wanaume wenzake. Hofu yenyewe haikuwa ngumu kueleweka. Januari 2014 Rais Goodluck Jonathan alikuwa ametia saini sheria inayotoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa watu wa jinsia moja wanaofunga ndoa, na miaka 10 kwa wanaoonyesha uhusiano wa namna hiyo hadharani au kuendesha vyama vyao.

Maofisa wa uhamiaji walimhoji. Uamuzi wao ulitoka tarehe 1 Oktoba 2015, na ukiusoma kwa haraka unaweza kulipita jambo kubwa kuliko yote. Walikubali kwamba maelezo ya F hayakuwa na mkanganyiko wa msingi. Yaani walimsikiliza, wakapima maneno yake, wakaona yanashikana. Kisha wakamkatalia. Waliegemea ripoti ya mwanasaikolojia aliyefanya naye mazungumzo, akaipima haiba yake, akamfanyia na vile vipimo vitatu: mtu kwenye mvua, madoa ya wino ya Rorschach, na nyuso za Szondi. Ripoti ilihitimisha kwamba haikuwezekana kuthibitisha madai ya F kuhusu mwelekeo wake wa kijinsia.

Tazama umbali uliopo kati ya kauli hizo mbili. Mtaalamu alisema hakuweza kuthibitisha. Ofisi ikasoma hapo kwamba F haaminiki. Kipimo kilichoshindwa kujibu swali kimegeuzwa kuwa jibu, na jibu lenyewe limeyashinda maneno ya mtu ambayo hayakuwa na kasoro ya maana.

F alikata rufaa katika mahakama ya utawala na kazi ya mji wa Szeged, kusini mwa Hungaria. Alilalamika kwamba vipimo vile vimeingilia haki zake za msingi na kwamba havina uwezo wa kuonyesha kile vilichodaiwa kuonyesha. Mahakama iliomba maoni ya taasisi ya wataalamu wa uchunguzi wa kisheria. Taasisi ikajibu kwamba mbinu zile zinafaa na hazivunji utu wa mtu. Hapo hakimu alikuwa na njia rahisi ya kumaliza kesi. Hakuifuata. Mwaka 2016 alipeleka maswali kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mjini Luxembourg, akitaka kujua kama sheria ya Ulaya inaruhusu vipimo hivi kutumika kwa waomba hifadhi.

Kabla ya kufika Luxembourg, nataka tukae kidogo na vipimo vyenyewe, kwa sababu humo ndimo kisa kizima kilimo.

Tuanze na Szondi. Léopold Szondi alikuwa daktari wa magonjwa ya akili wa Hungaria, na kipimo chake alikibuni miaka ya 1930. Kina picha 48 zilizopangwa katika seti sita, kila seti nyuso nane. Nyuso hizo ni za watu waliowekwa katika makundi manane ya matatizo, kila seti ikiwa na mwakilishi mmoja wa kila kundi. Lipo kundi la wenye kifafa, lipo la wenye sonona, lipo la wale wanaoburudika kwa kuumiza wengine. Na lipo kundi la wapenzi wa jinsia moja. Nadharia yake ni kwamba uso unaokuvutia au kukukera unafichua msukumo uliojificha ndani yako.

Kwa hiyo kipimo kilichotakiwa kutambua mwelekeo wa F kilianza na imani kwamba mwelekeo huo ni ugonjwa, tena ugonjwa unaosomeka usoni. Shirika la Afya Duniani liliuondoa upenzi wa jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Miaka 25 baadaye, mtu anakaa ofisini Ulaya akichaguzwa nyuso ambazo mojawapo ilipigwa chapa na daktari wa zama nyingine, kwamba huyu ndiye mfano wao. Tukitaka kujua fikra mgando, yaani picha iliyoganda kichwani kuhusu kundi fulani la watu, hufananaje inapovaa koti jeupe, tuanzie hapa. (Sina haraka ya kumtupia Szondi lawama zote. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1944 alifungwa kambi ya Wanazi ya Bergen-Belsen na utawala uliowagawa watu mafungu kwa yale ulioamini yamo kwenye damu zao. Alikuwa mtu wa zama zake. Waliomtumia mwaka 2015 hawakuwa wa zama hizo.)

Mchoro wa mtu kwenye mvua sitauzungumzia sana. Wanaoutumia huichukulia mvua kuwa ni misukosuko, na mwavuli kuwa ni namna mtu anavyojikinga. Pengine mchoro huo unaweza kufungua mazungumzo na mtu mwenye msongo. Namna unavyoweza kueleza mtu anampenda mwanamke au mwanamume, hilo mimi halinifikii.

Madoa ya wino ndiyo yenye historia inayofundisha zaidi. Hermann Rorschach wa Uswisi alichapisha kadi zake 10 mwaka 1921. Mwaka 1949 William Wheeler alipendekeza orodha ya majibu 20 ambayo, kwa mtazamo wake, mashoga ndio hasa huyatoa wanapozitazama kadi hizo. Wataalamu wengi wakawa na uhakika kwamba jicho lililofunzwa vizuri linaweza kumtambua mtu kwa njia hiyo.

Kisha akaja Evelyn Hooker, mwanasaikolojia wa Marekani, akafanya kitu ambacho kabla yake ilidhaniwa hakihitajiki: kuwajaribu wataalamu wenyewe. Aliwachukua wanaume 30 wanaovutiwa na wanaume na 30 wanaovutiwa na wanawake, akawalinganisha wawili wawili kwa umri, elimu na akili, akawafanyia Rorschach na vipimo vingine viwili vya aina hiyo. Majibu, yakiwa hayana majina, aliwapa mabingwa wa fani, mmojawapo Bruno Klopfer, jina kubwa kabisa katika usomaji wa madoa ya wino. Alipowekewa jozi ya majibu na kuambiwa achague yupi ni yupi, bingwa hakufanya vizuri kuliko mtu anayerusha sarafu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1957. Piga hesabu mpaka 2015: miaka 58.

Hooker alionyesha kwamba kipimo hakioni. Loren na Jean Chapman, wanasaikolojia wa Marekani, walikwenda mbele zaidi mwaka 1969, wakauliza kwa nini basi wataalamu wanaamini wanaona. Jibu lao, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa kisa cha F ingawa halikutajwa ofisini kwake.

Waliwauliza matabibu ni majibu gani wameyaona mara kwa mara kutoka kwa wanaume mashoga. Matabibu wakataja mambo kama makalio, nguo za kike, mtu asiyejulikana kama ni mwanamume au mwanamke. Tafiti zilikuwa zimeshaonyesha kwamba majibu hayo hayawatofautishi mashoga na wengine. Kulikuwa na majibu mawili yaliyoonekana kuwa na uhusiano fulani, kama kuona zimwi katika kadi ya nne, lakini matabibu karibu hawakuyataja, maana zimwi haliendani na picha yoyote waliyokuwa nayo kichwani. Kisha akina Chapman wakawachukua wanafunzi ambao hawakuwa na ujuzi wowote wa Rorschach. Wakawaonyesha kadi zenye majibu na maelezo ya waliojibu, zikiwa zimepangwa makusudi ili pasiwe na uhusiano wowote kati ya jibu na mtu. Wanafunzi wakauona uhusiano. Waliona ileile miunganiko ambayo matabibu walisema wameiona katika miaka yao ya kazi.

Hapo ndipo jambo linapogeuka. Miaka ya uzoefu haikuwafundisha matabibu kumtambua shoga. Iliwapa nafasi nyingi tu za kukutana na ile picha waliyoingia nayo kazini. Jibu linaloafikiana na picha hukumbukwa, lisiloafikiana hupita kama upepo, na baada ya miaka 20 mtu anaapa kwamba ameyaona kwa macho yake. Kwa kweli ameyaona. Ila alikuwa akiitazama akili yake mwenyewe.

Wala si wataalamu peke yao. Mtu wa kawaida anayesema "mimi nikimwona tu najua" anapita njia hiyohiyo: sauti laini, mwendo, namna ya kuvaa, mwanamke mwenye nywele fupi. Aliowahi kuwapatia anawakumbuka. Aliowakosea hawajui, kwa sababu hawatamjia kumwambia. William Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walikuta jambo dogo lenye uzito: katika picha za mitandaoni walizotumia, wanaume mashoga walikuwa na picha zenye ubora mkubwa zaidi. Tofauti hiyo ilipodhibitiwa, watazamaji hawakuweza tena kubahatisha kwa usahihi. Walichokuwa wakikisoma kilikuwa ubora wa picha, uso haukuhusika.

Tuchukulie, kwa hoja tu, kwamba kuna mtu ana jicho zuri kweli, anapatia mara 60 katika 100. Mpe umati wa watu 100 ambao watano kati yao ni wapenzi wa jinsia moja. Kati ya hao watano atawatambua watatu. Kati ya 95 waliobaki atawakosea 38. Jumla amewanyooshea kidole watu 41, na watatu tu ndio kweli. Hilo ndilo jicho zuri.

Lakini ofisi ya hifadhi si mtaani, na hapa wanaopinga fikra hizi wakati mwingine huichukua hesabu ile bila kuigeuza. F hakunyooshewa kidole. Alijisema mwenyewe. Ndani ya chumba kile kosa linalotisha ni lile la upande wa pili: wale wawili kati ya watano ambao jicho limewapita kwa kuwa hawafanani na picha. Mtaani fikra mgando inamtia msukosuko mwanamume mwenye sauti laini ambaye ana mke na hana habari. Ofisini inamrudisha kwao mwanamume mwenye sauti nzito ambaye alikuwa akisema kweli. Picha ni moja, majeruhi ni wawili, na hawafahamiani.

Sasa Luxembourg. Wakili Mkuu wa Mahakama, yaani mwanasheria anayeishauri kabla haijaamua, Nils Wahl, alitoa maoni yake Oktoba 2017, akiipa ridhaa ya mwombaji uzito mkubwa. Mahakama ilitoa hukumu tarehe 25 Januari 2018 na ikawa kali zaidi. Haikuwakataza wataalamu kabisa. Ilisema mamlaka inaweza kuagiza ripoti ya mtaalamu, mradi taratibu ziheshimu haki za msingi, na uamuzi usiegemee ripoti hiyo peke yake wala usifungwe nayo. Lakini vipimo vya kuakisi nafsi, vile ambavyo unapewa kitu kisicho na maana dhahiri kisha unachokiona kinachukuliwa kuwa kimetoka ndani yako, haviruhusiwi kutumika kutafuta mwelekeo wa kijinsia wa mwomba hifadhi. Mahakama ilikuta kwamba vinaingilia maisha binafsi ya mtu yanayolindwa na ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya, tena kwa kiwango kisicholingana na faida yake.

Kuhusu ridhaa ilisema jambo ambalo yeyote aliyewahi kukaa mbele ya meza ya afisa anaweza kulielewa: hata pale ambapo mtu anaombwa akubali, kukubali kwake si lazima kuwe kwa hiari, maana hali aliyomo ndiyo inayomsukuma. Ukikataa kipimo huku maisha yako yakiwa kwenye faili, unajua faili litasomwaje. Mahakama ikarejea pia Kanuni za Yogyakarta, zilizoandikwa na wataalamu wa haki za binadamu kuhusu mwelekeo wa kijinsia, ile ya 18, isemayo kwamba mtu asilazimishwe kupimwa kisaikolojia kwa sababu ya mwelekeo wake.

Ingekuwa rahisi kusema hukumu hii ilitua kutoka mbinguni. Haikuwa hivyo. Tarehe 2 Desemba 2014, karibu miezi 10 kabla F hajakataliwa, Mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kesi ya watu watatu walioomba hifadhi nchini Uholanzi: A, B na C. Mmoja alijitolea hata kufanyiwa uchunguzi ili athibitishe, mwingine alileta video. Mahakama ikasema vitu hivyo vinavunja utu na visipokelewe hata mwombaji akivileta mwenyewe, kwamba maswali ya kina kuhusu matendo ya kitandani hayaruhusiwi, na kwamba maswali yaliyojengwa juu ya fikra mgando hayatoshi kumhukumu mtu. Kabla ya hapo, Desemba 2010, wakala wa haki za msingi wa Umoja wa Ulaya ulikuwa umeanika kwamba Jamhuri ya Cheki iliwahi kuwafunga wanaume vifaa kwenye sehemu za siri ili kupima msisimko wao wakionyeshwa picha za ngono. Ukilinganisha na hayo, karatasi na penseli vinaonekana vya kistaarabu. F hakuvuliwa nguo, hakulazimishwa kutazama picha za ngono, na mahakama ya Szeged iliyasema hayo. Nadhani ndiyo sababu vipimo vile vilipita: havikuaibisha macho ya anayevitumia.

Kuna sehemu ya hukumu ambayo haikupigiwa kelele sana, na mimi naiona ndiyo yenye makali. Mahakama ilikumbusha kwamba si kila mara inalazimu kuhakiki mwelekeo halisi wa mwombaji. Sheria ya Ulaya, Mwongozo 2011/95, inasema mtu akiteswa kwa sifa aliyobandikwa na watesi wake, haijalishi kama kweli anayo. Na hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda nje ya ofisi. Umati hauna kadi za Rorschach. Mwanamume anapigwa kwa sababu jirani ameamua anatembea vibaya, au amefikisha umri bila kuoa. Kwa mtesi, dhana ndiyo ushahidi wote. Kwa hiyo swali la kwanza lililomfaa F lingekuwa wanakotoka wanamwonaje na wangemfanya nini. Ofisi ilishughulika na kilichomo moyoni mwake, mahali ambapo hakuna afisa anayefika.

Basi mtu aaminiwe vipi? Hukumu inarudi kwenye kitu cha kawaida kabisa, nacho ni maelezo yake: yanashikana, yanaingia akilini, yanaendana na yanayojulikana kuhusu nchi yake, tena yasikilizwe na afisa aliyefunzwa. Mwanasheria S. Chelvan wa Uingereza alipendekeza usaili ufuate mambo manne: tofauti mtu aliyojiona nayo, unyanyapaa, aibu na madhara. Ni bora mara nyingi kuliko kuulizwa majina ya vilabu vya usiku. Lakini hata hapo kuna mtego. Wapo watu ambao hawakuwahi kuona aibu. Wapo waliojijua wakiwa na miaka 30 na watoto wawili, wapo wasio na simulizi ya utotoni ya machozi gizani. Afisa anayeisubiri aibu ili aamini amepata picha mpya tu ya kuweka mahali pa ile ya zamani. Uholanzi, yule B alikuwa amekataliwa kwa sababu maelezo yake yalionekana ya juujuu, ikidhaniwa kwamba mtu anayetoka nchi isiyokubali mambo haya lazima awe na mengi ya kusema kuhusu safari yake ya ndani. Wengine wamefundishwa maisha yao yote kutoyasema.

Agosti 2018, miezi saba baada ya hukumu ya F, vyombo vya habari vya Austria viliandika kuhusu kijana wa Afghanistan aliyenyimwa hifadhi. Hakukuwa na madoa ya wino wala nyuso za Szondi. Afisa alimtazama tu, kisha akaandika kwamba mwendo wake, tabia zake na mavazi yake havikuonyesha hata kidogo kwamba anaweza kuwa shoga. Mwezi huohuo ikaripotiwa habari ya mwanamume wa Iraq, aliyekataliwa na mamlaka za nchi hiyohiyo. Yeye, waliandika, alijionyesha kike kupita kiasi, kwa hiyo lazima alikuwa anaigiza.